Kondori anapewa mtihani, mgeni anaachiwa kibao

Ukiiuliza zuu yoyote kwa nini inafungia wanyama utajibiwa kabla hujamaliza swali: elimu na uhifadhi. Hayo maneno mawili yametamkwa pamoja miaka mingi mpaka watu wanayaona kama kitu kimoja, na nadhani hapo ndo tunapopigwa chenga, maana ni kazi mbili tofauti kabisa na ushahidi wake haulingani. Kwenye uhifadhi zuu zina hoja nzito, kuna wanyama leo tungewaona kwenye picha tu kama isingekuwa watu wa zuu. Kwenye elimu, mmh. Nia njema ipo, vibao vya rangi vipo, maafisa elimu wanaojituma wapo tena wengi, ila ukiuliza mgeni katoka na nini na hicho alichotoka nacho kimemsaidia mnyama gani, hapo majibu yanaanza kuwa mepesi.

Simama pembeni ya banda la simba siku ya wikiendi uangalie watu, usimwangalie simba. Familia inafika, swali la kwanza "yuko wapi?", la pili "mbona kalala tu?", mtoto anagonga kioo, baba anamkataza huku simu iko mkononi anatafuta engo, mama anasoma mstari wa kwanza wa kibao kwa sauti, anakula nyama, anaishi miaka kadhaa, akifika kwenye ile ramani iliyopakwa rangi mtoto keshakimbilia kwa nyani na wote wanamfuata. Imeisha hiyo. Na mwaka ukifika mwisho hao wote wataingia kwenye ripoti kama watu waliofikiwa na elimu ya uhifadhi. Makadirio yaliyochapishwa 2011 kwa kutumia data za chama cha dunia cha zuu na akwaria, WAZA, yalitaja ziara zaidi ya milioni 700 kwa mwaka, namba kubwa mpaka inatisha, lakini ukihesabu waliopita getini umehesabu tiketi, kilichoingia kichwani bado hujakigusa.

Nianze na upande ambao siupingi, nisije nikaambiwa nazichukia zuu.

Choroa wa Arabuni, yule mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, alimalizwa porini mwaka 1972 kwa bunduki na magari ya jangwani. Miaka kama kumi kabla kuna watu walishaona mwisho unakuja wakakusanya wachache kutoka huku na kule, wakaanzisha kundi la wanyama tisa kwenye zuu ya Phoenix kule Arizona, na kutokana na uzao wa zuu mwaka 1982 choroa walirudishwa jangwani Oman, 2011 wakapandishwa daraja na IUCN, shirika la dunia la uhifadhi linalopanga wanyama kwa kiwango cha hatari, kutoka "hatarini kutoweka" hadi "walio katika mazingira hatarishi", daraja lenye nafuu. Mnyama aliyekuwa kaisha kabisa porini kupandishwa daraja namna hiyo si jambo la mchezo. Nitarudi kwa choroa baadaye kwa sababu kisa chake kina mkia.

Ila kisa kinachoonyesha kazi halisi ilivyo ni cha chura wa Kihansi, na hapa nitakaa kidogo. Ni chura wa njano, mkubwa wake hafiki sentimita tatu, hatagi mayai, anazaa vitoto vilivyokamilika, na aligunduliwa 1996 tu kwenye korongo la mto Kihansi huko Tanzania, sehemu ya hekta chache ambapo maporomoko yalikuwa yanarusha manyunyu usiku na mchana. Hizo hekta ndo ulikuwa ulimwengu wake wote. Likaja bwawa la umeme la megawati 180, maji ya korongoni yakapungua kwa kama asilimia 90, manyunyu yakakata. Mwishoni mwa 2000 wakakusanywa vyura 499 wakapelekwa zuu ya Bronx, New York, na watu wakacheka sana, eti vyura nao wanapanda ndege. Kumbe huko walikopelekwa wakawa wanakufa, hakuna aliyekuwa anajua hasa wanataka nini, mpaka Desemba 2004 waliobaki kwenye zuu hawakufika 70. Fikiria wewe ndo mtunzaji, spishi nzima iko kwenye matangi yako na kila asubuhi unaokota maiti.

Walichofanya watunzaji wa Bronx na wenzao wa zuu ya Toledo, Ohio, ni kurudi kwenye mambo madogo madogo kabisa: taa za mwanga wenye miale ya urujuanimno, mashine za kunyunyiza, vitamini, na kufuga wadudu wadogo kiasi cha kuingia kwenye mdomo wa kitoto cha chura kilichozaliwa jana. Ikakubali. Kule korongoni nako, pamoja na kufungwa mabomba ya kunyunyizia maji kuiga yale manyunyu ya zamani, idadi iliporomoka ghafla 2003 na ugonjwa wa fangasi wa vyura ukaonekana, na 2009 IUCN ikatangaza kwamba porini hayupo tena. Mwaka uliofuata vyura 100 wakarudishwa kwa ndege mpaka Dar es Salaam, na 2012 wengine wakarudishwa korongoni kwenyewe. Bila yale matangi ya vyumba vya nyuma hakuna chochote ambacho kingerudishwa.

Sasa angalia. Hii ndo kazi ya zuu iliyotukuka kuliko zote, na kwa kawaida inafanyika nyuma ya mlango ulioandikwa "wafanyakazi tu", huku mbele mgeni anaonyeshwa simba aliyelala. Kuna utafiti uliotoka 2011 kwenye jarida la Science ulioonyesha kwamba katika wanyama wa nchi kavu wenye uti wa mgongo walio hatarini, ni takriban spishi moja kati ya saba tu iliyokuwa na hata mnyama mmoja kwenye zuu. Waliojaa mabandani ni wakubwa na wenye manyoya, wanaovuta tiketi. Silaumu, tembo ndo analipa bili ya chura na hilo linaeleweka, lakini basi mwambieni mgeni! Mwambieni kwamba tiketi yake ya kumwona tembo inanunua taa ya chura ambaye hatamwona. Toledo walimweka yule chura hadharani tangu 2005, kwa hiyo si kwamba haiwezekani.

Halafu kuna kitu kinanishangaza kila nikikifikiria. Zuu zinajua kufundisha. Zinajua vizuri mno. Ila zinamfundisha mnyama.

Chukua kondori wa California, tai mzoga mkubwa kuliko ndege wote wa nchi kavu wa Amerika Kaskazini. Mwaka 1987 wa mwisho alikamatwa porini, duniani kote wakawa wamebaki 27, wote kizimbani, wakagawanywa kati ya zuu ya Los Angeles na mbuga ya zuu ya San Diego. Vifaranga walilishwa na mkono uliovalishwa kikaragosi chenye sura ya kondori ili kifaranga asizoee uso wa binadamu. Walipoanza kuachiwa 1992 wakaonekana na kasoro: wanatua kwenye nguzo za umeme wanagonga nyaya, wanasogelea watu bila woga. Watu wa zuu hawakuandika kibao kwamba "umeme ni hatari". Waliweka nguzo bandia ndani ya vizimba, kondori akitua anapigwa shoti ndogo, akitua kwenye mti hapigwi, na wakaanza kuwaweka vijana pamoja na ndege wazima wawafundishe adabu za kikondori. Anayeonekana hajaelewa haachiwi. Hata baada ya kuachiwa anafuatiliwa kwa kifaa cha mawimbi ya redio, akirudia tabia mbaya anakamatwa anarudishwa darasani. Leo kondori wamepita 500 ukijumlisha wa porini na wa zuu.

Au tamarini wa dhahabu wa Brazil, kale kanyani kadogo kenye manyoya kama ya simba. Kundi la kwanza la waliozaliwa zuu lilipoachiwa msituni 1984 ilikuwa maafa, hawajui kutafuta chakula kilichojificha, hawajui kupita kwenye matawi membamba yanayonesanesa kwa sababu kwenye banda fito zimekazwa haziyumbi. Zuu ya taifa ya Marekani iliyoko Washington ikaanza kuwaachia wazurure kwenye miti ya zuu yenyewe, na wale waliopelekwa Brazil wakawa wanasaidiwa na kuangaliwa kwa miezi baada ya kuachiwa. Mbinu ikishindwa inabadilishwa, matokeo yanaandikwa, wengine wanajifunza.

Yaani kwa mnyama kuna lengo la tabia, kuna mazoezi, kuna mtihani, kuna ufuatiliaji baada ya kumaliza shule. Kwa mgeni kuna kibao. Hilo ndo lalamiko langu lote kwa ufupi, mengine yanayofuata ni maelezo.

Sio kwamba hakuna aliyejaribu kupima. Mtafiti Eric Jensen alifanya kazi nzuri sana zuu ya London, akachapisha 2014 kwenye jarida la Conservation Biology. Watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 7 hadi 15 waliambiwa wachore makazi ya wanyama wanayoyapenda, wachore kabla ya ziara na wachore tena baada ya ziara. Yaani hamna maswali ya kuchagua a, b, c, mtoto anachora tu mimea na wanyama na wewe unaangalia kama picha ya pili ina akili zaidi ya ya kwanza. Waliotembezwa na mwalimu wa zuu, asilimia 41 walionyesha kujifunza. Waliozunguka bila huyo mwalimu, asilimia 34. Tofauti ipo, ni ya kweli, na inasema kwamba mtu anayeongea anashinda kibao. Lakini geuza hizo namba uziangalie kwa nyuma: hata kwenye kundi lililotembezwa, zaidi ya nusu ya watoto hawakuonyesha kupiga hatua. Na kuna waliorudi nyuma, picha ya pili ikawa mbovu kuliko ya kwanza, na hao walikuwa wengi zaidi kwa wale wasioongozwa. Kwa nini mtoto arudi nyuma? Ukimwonyesha mnyama kwenye sakafu ya saruji na ukuta nyuma yake bila kumwambia kitu, akili ya mtoto inafanya kazi yake, inajifunza kwamba huyu mnyama anaishi kwenye saruji. Kafundishwa vizuri tu, sema kafundishwa kisichokuwepo.

Mwaka uliofuata Andrew Moss na wenzake wakatoa utafiti mpana zaidi, wageni zaidi ya 6,000 kwenye zuu na akwaria za nchi nyingi. Walioonyesha kuelewa angalau kidogo bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, ni nini walitoka asilimia 69.8 kabla ya ziara hadi 75.1 baada yake. Walioweza kutaja kitu ambacho mtu anaweza kufanya kuisaidia walitoka 50.5 hadi 58.8. Zuu nyingi zimeshangilia hizi namba na sizilaumu, ni ushahidi, kuna kupanda. Mimi ninachokiona ni hiyo 69.8 ya mwanzo. Watu saba kati ya kumi walishajua kabla hawajaingia. Anayetoa hela yake kwenda kuangalia wanyama ni mtu ambaye tayari anawapenda, kwa hiyo unahubiri kwa waumini, wanaitikia amina, unaandika ripoti kwamba mahubiri yamefaulu. Na watafiti hao hao walipoendelea kuchimba walikuta kwamba kujua habari za bioanuwai kuna uhusiano dhaifu tu na kuchukua hatua. Ambalo mtu yeyote aliyewahi kuambiwa na daktari apunguze chumvi analijua, maarifa hayatoshi.

Kuna jambo baya zaidi ya kutofundisha nalo ni kufundisha kinyume. Mwaka 2008 Steve Ross wa zuu ya Lincoln Park, Chicago, na wenzake waliandika kwenye Science kwamba waliwauliza wageni ni nyani gani wakubwa walio hatarini. Gorila, asilimia 95 walisema ndiyo. Orangutani, 91. Sokwe, 66 tu, wakati sokwe naye yuko hatarini vilevile. Kisa? Watu wengi walisema wamemzoea kwenye tivii, matangazo na filamu, amevalishwa suruali, anachekesha, sasa mnyama anayeonekana kila siku ataishaje. Baadaye wakajaribu kwa picha, na walioonyeshwa sokwe kasimama karibu na mtu walikuwa wepesi zaidi kuamini kwamba sokwe wa porini wako vizuri, na wepesi zaidi kuona kumfuga nyumbani ni wazo zuri. Sokwe ni yule yule. Kilichoongezeka kwenye picha ni binadamu basi.

Weka hilo kichwani halafu fikiria zuu inayokuuzia nafasi ya kupiga selfi na mtoto wa chui, au inayompa mtunzaji mtoto wa simba ambebe mabegani apigwe picha ya kwenye mitandao. Pembeni kuna kibao kinachosema chui yuko hatarini. Kibao kinasomwa na watu wachache, picha inaonwa na malaki, na picha inasema chui ni paka mkubwa wa kubebwa. Zuu yenye selfi za namna hiyo ingeondoa tu neno elimu kwenye jina lake, isingepoteza kitu na ingeacha kudanganya.

Haya, sasa nani hasa afundishwe, na afundishwe afanye nini? Hapa kondori anatusaidia tena. Kinachoongoza kumuua kondori wa porini ni ledi, ile metali nzito yenye sumu inayotengenezea risasi. Mwindaji anapiga mnyama wake, anapasua, anabeba nyama, anaacha matumbo pale pale, na ndani ya yale matumbo kuna vipande vya ledi vidogo kama chembe za mchanga. Kondori ni mla mizoga, anashuka anakula, tumbo linagoma, anakufa kwa njaa huku chakula kimejaa kooni. Sasa niambie, mtoto wa darasa la nne anayetazama kondori pale zuu atafanya nini na hiyo habari? Hana bunduki. Mwenye bunduki yuko milimani na hajakanyaga zuu tangu ameota ndevu.

Zuu ya Oregon ililiona hili ikafanya kitu ambacho kwangu ni mfano wa kufuatwa, ilianzisha mpango wa elimu kwa wawindaji wenyewe, kuwafuata waliko, kuongea nao na watu wanaowinda kama wao, kuwaonyesha risasi ya ledi inavyosambaratika na ya shaba inavyobaki kipande kimoja. Hamna kumwambia mtu aache kuwinda, anaambiwa abadili risasi tu. Kule Arizona, idara ya wanyamapori ya jimbo imekuwa ikiwapa wawindaji wa eneo la kondori risasi zisizo na ledi bure tangu 2005 na wengi mno wamekubali kwa hiari. California wao walipitisha sheria 2013 iliyokamilika kutumika 2019. Ukilinganisha hizo njia unaweza kubishana mpaka asubuhi ipi bora, lakini zote zimelenga kidole kinachovuta kitufe cha bunduki, na kuna dawa ya kumpa mtu mkononi.

Na wale tamarini wa Brazil pia. Watu huwa wanasimulia sehemu ya zuu kwa sababu inapendeza, mnyama kazaliwa Washington anarudi kwao, lakini misitu iliyobaki ilikuwa vipande vipande na mingi ilikuwa ndani ya mashamba ya watu. Kwa hiyo walianza na kuwauliza wakazi wanajua nini na wanaonaje, ndipo wakapanga elimu, wakawaendea wenye mashamba mmoja mmoja, utakubali tukuletee familia ya tamarini kwenye msitu wako? Aliyekubali akawa na tamarini wake wa kujivunia na sababu ya kutokukata msitu. Sensa ya 2023 ilikadiria tamarini kama 4,800 wakati miaka ya 1970 walikuwa wamebaki mia chache.

Je, mgeni wa kawaida, yule wa selfi na watoto wawili, ndo hana cha kufanya? Anacho, akipewa kitu kinachomhusu. Akwaria ya Monterey Bay ilianza 1999 kugawa vikadi vya kuweka kwenye pochi, samaki huyu kijani nunua, huyu njano fikiria, huyu nyekundu acha. Ni elimu inayokusubiri pale unapotoa hela, na ndo maana ilifika mpaka kwa wapishi na wafanyabiashara wa samaki. Zuu ya Melbourne walikusanya simu kuukuu pale pale kwenye zuu, kwa sababu ndani ya simu kuna madini ya koltani na sehemu ya koltani inachimbwa mashariki mwa Kongo kwenye makazi ya gorila, kwa hiyo umesimama mbele ya gorila, mfukoni una simu, nyumbani kuna nyingine mbovu kwenye droo, na boksi la kuitumbukiza liko hapo mlangoni, na pesa ya urejelezaji inarudi kwa gorila. Tuseme ukweli, simu moja haiokoi gorila. Ila unaweza kuhesabu simu, na huwezi kuhesabu "uelewa umeongezeka".

Kuna suala jingine linalohusu ukweli wenyewe, na hapa najua nitatofautiana na wengi. Februari 2014 zuu ya Copenhagen ilimuua twiga dume wa miezi kumi na minane aliyeitwa Marius, mzima kabisa, kwa sababu jeni za ukoo wake zilishajaa kwenye mpango wa kuzalisha wa zuu za Ulaya. Wakampasua hadharani, watoto wakiwa wamesimama na wazazi wao wanaangalia moyo, shingo, mapafu, halafu nyama wakapewa simba. Dunia ikalipuka. Watumishi wa zuu wakatishiwa kuuawa.

Mimi naona lile lilikuwa mojawapo ya masomo machache ya kweli yaliyowahi kutolewa na zuu mbele ya umma. Sizungumzii uamuzi wa kumuua, huo unaweza kuupinga na kuna zuu nyingine zilikuwa tayari kumchukua, hoja hiyo ina uzito wake. Nazungumzia kutokuficha. Mpango wa kuzalisha wanyama ni kitabu cha ukoo, nani azae na nani, na maana yake wanazaliwa wasio na nafasi, na kila zuu inayozalisha inalo hilo tatizo, ama itumie dawa za uzazi, ama ihamishe, ama iue. Zuu nyingi zinapenda umwone mtoto wa twiga akizaliwa, wanafungua hadi shindano la kumpa jina, ila mwisho wake hawausemi. Kumfundisha mtu uhifadhi bila kumwambia kwamba uhifadhi una maamuzi machungu ni kumlea kwenye hadithi, na siku akigongana na ukweli atajiona ametapeliwa. Watoto wa Copenhagen kwenye zile picha walikuwa wanatazama kwa umakini, tena wengine wanajipenyeza mbele. Waliokuwa wanapiga kelele wengi walikuwa watu wazima walioko nchi nyingine.

Wapo wanaosema basi fungeni zuu zote yaishe, na upepo huo upo, Buenos Aires waliigeuza zuu yao ya kale kuwa bustani ya ikolojia kuanzia 2016, Costa Rica ilifunga zuu zake za serikali Mei 2024 baada ya mvutano wa zaidi ya miaka kumi. Kwa zuu ambazo hazina kazi ya uhifadhi, zina mabanda na tiketi tu, sina hoja ya kuzitetea na sitaitafuta. Kwa zile zenye matangi ya vyura nyuma, kuzifunga ni kumalizia wanyama waliobaki. Lakini hata hizo zisitembee kifua mbele sana: yale makadirio ya 2011 yenye ziara milioni 700 yalisema pia jumuiya hiyo ya zuu ilitumia takriban dola milioni 350 kwa mwaka kwenye uhifadhi wa wanyama. Ni hela nyingi, ni wachache wanaotoa zaidi ya hapo. Sasa gawanya kwa ziara. Nusu dola kwa kila aliyepita getini.

Nilisema kisa cha choroa kina mkia. Jangwani Oman walirudi vizuri, watu wa kabila la Harasis wenyeji wa pale wakaajiriwa kuwalinda na kuwafuatilia, eneo likaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 1994, kufikia 1996 walikuwa kama 450. Ndipo wakaja wakamataji. Hawakutaka nyama wala ngozi, walitaka majike hai, kwa sababu kulikuwa na soko la watu wenye hela wanaotaka choroa kwenye mkusanyo wao binafsi wa wanyama. Kufikia 2007 walibaki 65, serikali ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na UNESCO ikalifuta kwenye orodha, mara ya kwanza kufanya hivyo kwa eneo lolote duniani.

Wenye ile mikusanyo ya binafsi walikuwa wapenzi wa wanyama, wapenzi kiasi cha kulipa hela nyingi wawe nao uani kwao, na huenda hali ya choroa duniani waliijua kuliko mgeni yeyote wa Phoenix. Mtu wa namna hiyo kibao hakimfikii, na kikadi cha pochi kitamchekesha. Wanaoweza kuongea naye akasikiliza ni wakurugenzi wa zuu wenyewe na madaktari wao wa wanyama, watu wanaofuga choroa hao hao na wanaojua kila mnyama katokea wapi na ana karatasi gani. Bajeti za elimu za zuu zina fungu la vibao, fungu la mabasi ya shule, fungu la vikaragosi vya watoto. Fungu la kazi hiyo sijawahi kuliona.